Kazi ya mashua yetu, Jumamosi

Wanakikundi, habari za jioni. Mashua tumeipandisha salama na bamvua, yaani maji kujaa sana, iko juu ya magogo karibu na soko la samaki hapa Bagamoyo. Bamvua lijalo ni baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo Jumamosi saa 1 asubuhi tuwe kazini.

Siku hiyo hakuna kupaka rangi, naomba tuelewane. Ni kukwangua na kupiga msasa, namba 80 kisha 120, tukifuata nyuzi za mbao. Mbao mbichi ukiipaka rangi itafanya malengelenge. Kila mtu aje na barakoa, maana rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Ubao wa pili kutoka kwenye mkuku (uti wa chini wa mashua), upande wa kushoto, umeliwa na wadudu. Ncha ya kisu inazama yenyewe. Fundi ataubadilisha kabla ya kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba. Na jamani, pamba isishindiliwe kupita kiasi, mbao zikivimba majini zitaitema.

Baadaye, chini tutapaka deheni ya chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama), juu rangi ya mafuta, matabaka mawili membamba.

Michango ya chokaa na pamba apelekewe mweka hazina kufikia Ijumaa. Tafadhali.