Muuza sola, niulize kwanza natumia nini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauzaji wa sola, na wanunuzi wenzangu wa huku pwani.

Mimi ni mama wa Mlingotini, Bagamoyo, nauza barafu na juisi ya ukwaju. Mwaka jana nilichukua mkopo wa kikoba nikanunua wanachoita "seti kamili": paneli ya wati 100, betri ya maji ya volti 12 na ampea-saa 100, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na taa nne. Muuzaji aliniuliza nina shilingi ngapi, basi. Habari ya friji hakuigusa.

Masika hayajaisha, betri imekufa. Usiku inveta inalia, taa zinafifia, asubuhi nakuta barafu imekuwa maji ndani ya vifuko na ukwaju umechacha. Siku moja nilimwaga ndoo mbili nzima.

Fundi kijana wa jirani ndiye aliyenikalisha chini tukaandika nyuma ya daftari langu la madeni. Taa nne za wati 7, saa tano: 140. Runinga ya wati 40, saa nne: 160. Friji alilipima kwa mita siku nzima: 900. Jumla wati-saa, yaani wati mara saa za kuwaka, 1,200 kwa siku. Nikafurahi, maana volti 12 mara ampea-saa 100 ni 1,200 hizo hizo! Akaniambia, mama, betri ya namna hii ukiinyonya kupita nusu kila siku unaiua. Chako ni 600 tu. Na paneli yenyewe, tukiipa saa tano za jua kali, inatoa 500. Ukiondoa zinazopotea kwenye nyaya, betri na inveta, zinabaki kama 350. Siku ya mawingu hata hizo huzipati.

Tena paneli ilifungwa kuelekea baharini, na ikifika saa tisa kivuli cha mnazi kinafunika kona moja. Kona tu, lakini seli zimeungana kama mnyororo, chache zikizibwa, nyingine nazo hudhoofika. Tumeihamisha, sasa inatazama kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta.

Kulilisha friji kungetaka paneli za jumla ya wati 400, na betri nne ili hata siku ya mawingu zisinyonywe kupita nusu. Sina uwezo huo. Betri mpya niliyonunua ni ya taa, runinga na simu, na inatosha. Barafu nanunua mjini, nailaza kwenye kasha na kuifunika magunia.

Ndugu wauzaji, kabla hamjapokea pesa muulizeni mteja ana vyombo gani na kila kimoja kinawaka saa ngapi. Kisha mwandikieni kwenye risiti, kwa Kiswahili: seti hii inabeba taa na runinga, friji haibebi. Mimi ningeona mstari huo nisingelipa siku ile. Bado nadaiwa marejesho ya miezi minne kwa betri iliyokwisha kufa.

Mama muuza barafu,
Mlingotini, Bagamoyo