Mama mdogo, kidonda cha mwanao hakikusahauliwa

Mama mdogo,

Jana ulinipigia simu kutoka Bukavu ukilia, na mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Naandika hapa mbele ya wote kwa sababu mambo uliyoyasema nayasikia kila wiki mlangoni pa chumba cha upasuaji, hapa Goma. Mama anatoka mbali, anamkuta mwanawe askari amelala, anauliza: mbona hamkumshona? Na mbona mlianza na yule adui?

Kidonda kwanza. Risasi ya bunduki ya vita haitoboi kama msumari. Inapopita inaisukuma nyama pande zote kwa nguvu, na nyama ikirudi mahali pake inavuta ndani udongo, nyuzi za suruali, na kila uchafu uliokuwa juu ya ngozi. Nje unaona tundu la kuingiza kidole. Ndani nyama imekufa kwenye nafasi ya ngumi. Ukiishona siku hiyo hiyo, umewafungia ndani vijidudu vya pepopunda na vya kuozesha nyama, navyo vinapenda sana mahali pasipo hewa.

Nilikuwepo mwanao alipopasuliwa. Nilimshikia daktari taa, maana umeme ulikuwa umekatika na jenereta lilikuwa bado linakohoa. Alikuwa akibana kila kipande cha nyama kwa koleo ndogo. Kikijikunja na kutoa damu, anakiacha. Kikilala tu, rangi yake kama ya ini lililokaa juani, anakikata na kukitupa. Saa nzima kwa paja moja, mama mdogo. Kisha tukaosha kwa maji mengi, tukajaza shashi kavu bila kuikaza, tukafunga bandeji nene. Kushona kunangoja siku ya nne au ya tano.

Si umaskini wa hospitali unaofanya tuache wazi, na ninakuomba uniamini hapo. Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, wengi walishonwa mapema wakapoteza miguu na maisha. Daktari Antoine Depage, Mbelgiji aliyeongoza hospitali ya vita kule De Panne, Ubelgiji, ni mmoja wa waliowafundisha wenzao kukata nyama iliyokufa na kuchelewesha kushona. Mpaka leo wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wanafuata njia hiyo.

Uliniambia pia ananuka. Ninaijua harufu hiyo, ni kali, inafanana na mkojo. Ni maji ya kidonda yanayokaukia kwenye shashi, na sisi tukiisikia tunatulia. Harufu ya kuoza ni nyingine kabisa, ukiisikia mara moja huisahau. Basi usimruhusu mtu yeyote, hata shemeji yako aliyefanya kazi dispensari, kufungua bandeji ili atazame. Kila kufungua ni kuingiza vijidudu vya wodini. Tutaifungua mapema kama ana homa kali, kama inavuja damu, au kama harufu imebadilika.

Sasa yule adui. Hili najua ndilo linalokuuma zaidi.

Waliletwa wote asubuhi ile ile, karibu saa moja. Mwanao alikuwa anaongea, aliomba maji, mapigo ya moyo yalihesabika. Yule kijana alipigwa tumboni, damu ilikuwa inamwagikia ndani, midomo imekuwa myeupe. Wa kwetu angeweza kungoja saa mbili. Yule asingemaliza hata moja. Hatukuuliza nguo alizovaa. Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, zaidi ya miaka 200 iliyopita alikuwa akianza na aliyeumia zaidi, awe jenerali au askari wa kawaida, awe wake au wa adui. Na Mkataba wa Geneva wa 1949 unasema wazi kwamba anayetangulia kutibiwa anatangulia kwa uharaka wa hali yake tu. Siku ambayo mwanao ndiye atakuwa na damu tumboni, upande wa pili, kati ya watu wasiomjua, utataka nesi wa huko awe anafuata nini?

Na kuna mtu hukumtaja kwenye simu. Kabla ya daktari, kabla yangu, mama mmoja muuza mkaa kando ya barabara ya Sake alivua kitenge chake, akakishindilia juu ya kidonda chenyewe, akafunga kwa nguvu. Hakukaza kamba juu ya paja. Kamba ya hivyo, ikisahaulika saa sita, mara nyingi mguu unakatwa. Akamlaza juu ya tshukudu ya mkaa, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, vijana wawili wakasukuma hadi kwa motari, dereva wa pikipiki. Mwanao anasema yule mama alikuwa akimwambia njiani, “Usilale, baba, usilale.”

Kesho kutwa ni siku ya tano, saa tatu asubuhi anaingia tena. Nyama ikiwa nyekundu na safi, tutamshona. Panda mashua ya usiku, utafika kabla hajatoka. Lete uji na shuka. Kile kitenge nimekifua mara tatu, damu haijatoka yote, nimekianika nyuma ya jikoni. Ukija tutakwenda pamoja upande wa Sake kumtafuta mwenyewe.

Mtoto wako wa Goma