Barua ya wazi kwa vijana wa usharika wetu: mahari hailipwi mara mbili

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Tangu ile semina ya chini ya turubai hapa Tabata, iliyofundisha kwamba laana za mababu zinatufuata mpaka leo, nawasikia mkibishana mpaka kwenye ibada za jumuiya. Wengine mnasema Agano la Kale limekwisha, liwekwe kabatini. Wengine mmerudi na bahasha. Nimeiona moja: juu kuna nafasi ya jina la ukoo, chini yake maneno "sadaka ya kuvunja agano la mababu", kisha mstari wa kujaza kiasi. Dada mmoja, simtaji, aliuza cherehani iliyokuwa ikimlisha ili ajaze mstari huo, kwa kuwa uchumba wake ulivunjika na akaambiwa ni tambiko la bibi yake linalomfuata. Kwa hilo siwezi kunyamaza.

Semina ile yote ilisimama juu ya Kumbukumbu la Torati 28. Isomeni wenyewe. Mistari 14 ya kwanza ni baraka, 54 iliyobaki ni laana, na inatisha kweli. Lakini tazameni wanaoambiwa: ni Israeli, wamepiga kambi Moabu, wanakaribia kuvuka Yordani, na wanakumbushwa agano ambalo wazazi wao waliliitikia kwa vinywa vyao pale Sinai. Ukoo wako wa Songea au wa Bukoba haukuwa pale. Tunayasoma maneno hayo, yanatufundisha jinsi Mungu anavyouchukia uonevu na ibada ya sanamu, ila hakuna aliyepewa ruhusa ya kuyageuza ankara ya kumdai binti wa watu.

Mtaniuliza juu ya Kutoka 20, pale Mungu anaposema anapatiliza maovu ya baba kwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne. Malizeni sentensi: "cha wanichukiao". Halafu nendeni Ezekieli 18, sura nzima inakataa mwana kuuchukua uovu wa baba yake. Na Yeremia 31 ndiyo inayonigusa kuliko zote. Wengi mmekariri mstari wa 31, ule wa ahadi ya agano jipya. Rudini nyuma mistari miwili tu. Siku zile, asema nabii, watu hawatasema tena kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Kila mtu atakufa kwa uovu wake mwenyewe. Hapo hapo, bila hata kubadili mada, anatangaza agano jipya. Na aliwaambia hayo watu ambao kweli walikuwa wakiumia kwa makosa ya waliowatangulia, Babeli ikiwa imewakaba. Anayekuhubiria agano jipya huku akikudai deni la bibi yako ameiruka mistari hiyo.

Sasa ninyi wa kabatini. Hiyo ahadi mnayoishangilia mmeikuta wapi kama si humo humo mnamotaka kufunga? Na Mungu hasemi ataandika sheria nyingine. Anasema, "Nitatia sheria yangu ndani yao, na katika mioyo yao nitaiandika." Kinachobadilika ni mahali inapoandikwa, na dhambi kutokukumbukwa tena. Markioni, mwalimu mmoja wa karne ya pili, alitaka kanisa liachane na maandiko ya Wayahudi, likabaki na Luka iliyokatwakatwa na nyaraka 10 za Paulo. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Liliona kwamba ukiyaondoa hayo, humwelewi Yesu mwenyewe. Musa alitia nusu ya damu katika mabakuli, akawanyunyizia watu, akasema hii ndiyo damu ya agano. Yesu akashika kikombe mezani akasema ni agano jipya katika damu yake. Ninapomsaidia mchungaji siku ya Chakula cha Bwana, naviona vikombe vile na kuyakumbuka mabakuli yale.

Agano la Kale ni kama barua ya posa: familia huitunza hata baada ya harusi, maana ndiyo iliyoleta habari. Ila akija mtu na barua hiyo kudai mahari upya, wazee watamtoa nje. Waebrania 9 na 10 inasema Kristo alijitoa mara moja tu. Mahari imelipwa.

Kuhusu kitimoto na Sabato, kama sheria hizo za Musa zinatubana sisi, sitaki maneno mengi. Mitume walikutana Yerusalemu, Matendo 15, wakaamua wasiwatwike mataifa kongwa la torati, na Wakolosai 2 inakataza kuhukumiana kwa vyakula na siku. Jirani yangu Msabato hufunga duka kila Jumamosi, msimcheke. Wala msiwabeze Wayahudi. Warumi 11 inasema sisi ni matawi tuliyopandikizwa, shina ndilo linalotuchukua.

Jumatano jioni tutaanza na Kutoka 24, kisha Yeremia 31, kisha Waebrania 8, kwa utaratibu huo. Aliyekwisha kutoa bahasha asione haya, aje kwangu au kwa mchungaji. Aliye nayo bado, asiijaze. Kwa dada yetu tumeanza mchango wa cherehani. Mweka hazina wa akina mama ndiye anayepokea.

Mzee wenu wa kanisa,
Tabata, Dar es Salaam