Barua kwa mwanangu: macho ya shangazi yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Umeniandikia kwamba shangazi yako ameweka sindano kando, kofia imebaki nusu, na anasema macho yake yanakufa. Msomee barua hii, polepole.

Mimi yalinikuta nikiwa na miaka 44. Uzi nausukuma, tundu la sindano silioni mpaka ninyooshe mkono. Miaka miwili nilificha, nikiogopa upofu. Kumbe ni umri. Nyuma ya mboni kuna lenzi laini. Ukitazama karibu, msuli unaoizunguka hujikaza, nayo ikatuna. Tukifika miaka 40 na kitu inakuwa ngumu, haituni tena vya kutosha. Wataalamu huita presbiopia, na kwa Kigiriki presbys ni mzee. Sisi mtaani twasema macho yamekwisha nguvu. Jina hilo ndilo linalotutisha bure, maana boti ikiwa mbali baharini shangazi yako bado anaiona.

Hata "miwani ya kusomea" ni jina lenye kupoteza. Shangazi si mtu wa vitabu, akadhani haimhusu. Mimi yangu ni ya kutunga uzi, kuchambua mchele na kuingiza tarakimu 20 za umeme wa LUKU. Shuleni mnaita lenzi mbinuko: nene katikati, nyembamba pembeni. Inaanza kuukunja mwanga nje, jicho linamalizia ndani. Wanaosema inalemaza macho wanakosea. Lenzi ya jicho ingekakamaa vilevile.

Kwenye mkono wa miwani yangu pameandikwa +2.00. Nilisimama chumbani, nikaishika mkabala wa dirisha na karatasi nyeupe nyuma yake. Mnazi wa jirani ukatua kwenye karatasi, mdogo kama kidole, makuti chini shina juu! Nikavuta futi yangu ya ushonaji kutoka kioo cha miwani hadi karatasi: sentimita 50. Ndiyo maana ya ile 2, mita moja igawanywe kwa mbili.

Asiokote miwani barabarani kwanza. Mpeleke kliniki ya macho, kwa sababu mtoto wa jicho na presha ya macho vinataka tiba nyingine. Kabla hamjatoka, mwambie aishike kofia kama alivyozoea kuidarizi, upime kutoka jichoni hadi kwenye sindano. Andika sentimita hizo, mumpe mpimaji, achague namba inayofaa kazi yake. Pesa nimeshatuma.

Baba yako