Dawa imemkataa, msimwite mkaidi

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, kaka yangu ni mvuvi, na miaka kadhaa iliyopita alianzishiwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zile zilizokua na efavirenzi miligramu 600, unameza usiku ukalale. Sasa mvuvi wa dagaa usiku ndo yuko kazini, kaka yuko ziwani na taa zake, kizunguzungu kinamkamata mpaka anang'ang'ania ukingo wa mtumbwi, mchana akijilaza anaota ndoto za kutisha anaamka analia. Na kambini kulikua na mwenzie anameza dawa hiyohiyo, mzima kabisa. Kliniki wakamwambia utazoea, nyumbani wakasema karogwa, mwisho akaacha dawa kimyakimya na tukakaribia kumzika.

Daktari mmoja ndo alikuja kutuelewesha. Ile dawa inavunjwa kwenye ini na kimeng'enya kinaitwa CYP2B6, na jeni yake unarithi kwa baba na kwa mama, ukipata ile ya polepole kote kuwili dawa inajazana kwenye damu mara kadhaa kuliko kwa mwenzio aliyemeza kidonge kilekile, na sisi Waafrika wenye hali hiyo ni wengi kuliko Wazungu. Kaka hakupimwa jeni, ila daktari alisema dalili zinafanana sana. Sio dawa hiyo tu, hata isoniazidi ya TB ni hivyohivyo, wanaoivunja polepole ndo miguu inawaka moto zaidi, ndo maana wanapewa na vitamini B6.

Kaka alipohamishiwa dolutegravir, dawa nyingine ya kufubaza virusi, alitulia, anavua mpaka leo.

Ombi langu mhariri ni hili, na wahusika walisome. Wavuvi wanafuata dagaa, mwezi huu kambi iko Ukerewe mwezi ujao Kome, kila zahanati anakutana na nesi mpya na kuanza kujieleza upya akionekana msumbufu. Kwenye kadi ya mgonjwa iandikwe kwa herufi kubwa dawa gani ilimkataa na ilimfanya nini, na ndugu zake wa tumbo moja waulizwe pia, maana tumerithi kwa wazazi walewale. Mimi mwenyewe sijawahi kuulizwa.

Muuza dagaa, Mwanza