Mdogo wangu, achana na mlio wa minyororo

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia unatengeneza kazi ya sauti kuhusu watu wanaokaa mahabusu bila kesi. Ila hiyo milio ya minyororo na vilio ulivyokusanya, vifute. Najua utanuna. Lakini vitu hivyo kila mtu ameshavisikia kwenye filamu mpaka masikio yamezoea, havimshtui tena.

Itafute kazi ya msanii wa sauti Lawrence Abu Hamdan kuhusu gereza la Saydnaya, Syria. Wafungwa walizibwa macho, wakawekwa gizani na kukatazwa kusema, kwa hiyo gereza walilijua kwa masikio. Mwaka 2016, akishirikiana na shirika la haki za binadamu la Amnesty International na kundi la watafiti la Forensic Architecture, aliwahoji waliotoka hai. Aliwasikilizisha milio, wakalinganisha na sauti waliyothubutu kunong'ona nayo kule ndani: hapa, kuzidi hapa ni hatari. Ikaonekana kwamba baada ya maandamano ya 2011 dhidi ya serikali, mnong'ono ulishuka kwa desibeli 19 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hofu imepimwa kama unavyopima homa, wala hakuhitaji kilio cha mtu.

Sasa linganisha na "Come Out" ya mtunzi wa muziki wa Marekani, Steve Reich, ya 1966. Daniel Hamm, kijana wa Harlem, New York, aliyepigwa na polisi, anaeleza alivyolazimika kupasua uvimbe wa kipigo ili damu itoke, waamini kaumia. Reich alichukua kipande cha maneno hayo, akakicheza kwenye kanda mbili zinazoanza pamoja kisha kupishana kidogo kidogo, mpaka maneno yanageuka mvumo mtupu. Ilitengenezwa kwa ajili ya hafla ya kuchangia kesi ya Hamm na wenzake isikilizwe upya, na ufundi wake siubishi. Lakini kila nikifika mwisho, Hamm simsikii tena. Namsikia Reich.

Hapo ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu. Waliotoka mahabusu usiwaombe wakusimulie mateso. Waulize walimtambuaje askari wa zamu kabla hajafika mlangoni: kwa viatu, funguo, kikohozi? Waachie wao wachague mlio unaofanana. Ukimaliza kuhariri, wawe wa kwanza kusikiliza, na anayesema sauti yake iondolewe, iondoe siku hiyohiyo, hata kama ndiyo inayobeba kazi nzima.

Kinasa sauti changu njoo uchukue. Betri utanunua mwenyewe.

Kaka yako