Kaka, usije na ile gari sikukuu ya Iddi kabla hujasoma hii

Kaka yangu, salaam aleikum,

Watoto hawajambo? Na mama, mguu umepoa? Huku Kampala tuko salama, mvua kila siku na jam ya Jinja Road ndo usiseme. Nilitaka kukupigia simu lakini haya mambo ni mengi, salio lingeisha kabla sijafika popote, ndo maana nimekaa leo jumapili nikuandikie yote polepole. Isome mpaka mwisho tafadhali, manake mimi na wewe tulinunua gari pacha za spoti za turbo, bondi ile ile ya Nakawa (yadi ya magari ya mtumba), mwezi mmoja, zimepishana rangi tu, na kilichonipata mimi sitaki kikukute wewe na mama na watoto mkitoka Arua, huko kati ya Pakwach na Karuma ambako jua linawaka na hakuna hata mti wa kusimama chini yake.

Gari yangu imeua injini.

Ilikua ijumaa natoka Jinja narudi nyumbani. Daraja jipya la Nile nimevuka vizuri kabisa, mshale wa temperecha uko katikati kama siku zote. Nikaingia Mabira, na unaijua ile barabara ilivyo, lori za miwa za Lugazi, matrela yanatoka Malaba, unapanda mlima nyuma ya trela kwa gia ya pili, unakanyaga unapita moja, turbo inaita, alafu unarudi tena nyuma ya lingine unatambaa, AC imewaka, jua kali. Mshale ukapanda. Na haukupanda polepole, ulipanda kwa mara moja kama mtu ameuvuta na kamba. Nikajikokota mpaka Najjembe pale kwa wauza kuku na gonja, ndizi za kuchoma, nikaegesha, mvuke unatoka pande zote za boneti, vijana wakaja mbio na majerikeni ya maji, mmoja ameshashika kifuniko cha rejeta anataka kukifungua, nikamvuta mkono kwa nguvu mpaka akashtuka. Kaka hiyo maji ina presha, ukifungua ikiwa moto inakurukia usoni. Niliwahi kuona kijana Katwe ngozi ya kifua yote imetoka kwa sababu ya kifuniko tu.

Tulingoja saa nzima na zaidi. Ilipopoa nikaongeza maji, nikawasha, moshi mweupe nyuma kama wa kuni mbichi, rejeta inatoa mapovu, na oili nilipovuta stiki ikawa rangi ya chai ya maziwa. Nikajua hapo hapo. Breakdown, gari la kuvuta, ikanivuta mpaka Ndeeba kwa mafundi, fundi akafungua, gasketi ya hedi (hedi ni kile kichwa cha juu cha injini) imeungua, hedi yenyewe ya alumini imepinda, na ukuta wa silinda moja umechunika. Ananiambia kusugua hedi ni kujidanganya, nitafute injini nyingine soko la vipuri la Kisekka, na bei waliyonitajia kwa injini ya turbo ambayo nayo sijui ilikotoka ni shilingi 6,500,000 bila kazi ya kufunga. Hiyo ilikua karo ya watoto ya mwaka huu.

Sasa sikia kilichoniuma kuliko pesa. Chanzo ni feni. Gari zetu zina feni mbili za umeme mbele, na kuna kile kidude cha kuziendesha, kama boksi dogo la alumini, kikifa feni moja inalala na hakuna taa yoyote inayowaka kwenye dashi. Ukiwa unakimbia Entebbe Expressway upepo wenyewe unapoza rejeta, huwezi jua kitu. Ni mpaka uingie jam au upande mlima nyuma ya trela, pale ambapo gari haina upepo na injini inafanya kazi kubwa, ndo unagundua, na ukigundua umeshachelewa. Na ule mshale tunaouamini, kaka, si wa kuaminika. Magari mengi ya siku hizi mshale umetengenezwa ukae katikati tu iwe digrii 80 iwe 100, ili mwenye gari asiwe na wasiwasi, alafu ikizidi hapo ndo unaruka. Yaani mtu anaendesha anaona kila kitu sawa kumbe yuko hatua moja na hasara.

Fundi kasema "hizi gari zote zinafanya hivo." Hilo neno lilinikosesha usingizi. Kama zote zinafanya hivo basi kuna mtu anajua. Nikachukua namba ya chesi nikaiingiza kwenye tovuti ya kampuni ya huko Japani, yote ni kijapani, mwanangu akanisaidia kutafsiri na simu. Na ikatoka. Kile kidude cha feni kampuni iliwaita wenye magari miaka iliyopita wakabadilishiwa bure, wameandika wenyewe kwamba kinaweza kufa na injini ikachemka. Namba yangu iko ndani ya orodha, na pale pa kuonyesha kwamba kazi imefanyika hakuna kitu. Ilipandishwa meli kuja Mombasa kabla hajabadilishiwa yule mwenye kwanza, au labda alipata barua akaona anauza gari ya nini ahangaike. Mimi barua sikupata. Wewe pia hukupata.

Jina la kampuni silitaji humu kwa sababu najua hii utawapitishia wenzako wa Arua, na wewe unalijua. Nilienda kwa wakala wao hapa mjini. Dada wa mapokezi mpole sana, akanikaribisha maji ya kunywa, akaangalia namba, akasema ssebo (yaani bwana) hii gari haikupita kwetu, sisi tunahudumia zile tulizouza sisi. Nikaomba kuonana na mkubwa wake. Huyo naye akaniuliza nilikua natumia maji gani kwenye rejeta, nikamjibu ukweli, maji ya bomba, manake aliyenifanyia sevisi mara ya mwisho alimwaga kulanti, ile dawa ya kupoza injini, akaweka maji. Akatikisa kichwa kama vile kesi imeisha hapo. Hilo la maji ni kosa langu, nalikubali na nitalilipia. Lakini feni haikufa kwa sababu ya maji, feni imekufa kwa kidude ambacho wao wenyewe wameandika ni kibovu tangu kiwandani. Nikawaandikia barua pepe huko makao makuu, likarudi jibu la mashine, wasiliana na wakala wa nchi yako. Wakala anasema si yangu, makao makuu yanasema nenda kwa wakala, mimi nimesimama katikati na injini iko chini kwenye gunia.

Najua utaniambia ndugu yangu ulinunua mtumba, mtumba ni bahati. Shemeji yangu kaniambia hivo hivo. Mimi nakataa kabisa. Matairi yakiisha ni mtumba. Shoki zikilia, kiti kikichanika, hiyo ni mtumba na nilinunua nikijua. Lakini kitu kilichoundwa vibaya siku ya kwanza hakigeuki kuwa kosa la mtu wa tatu kwa sababu gari imevuka bahari. Nembo yao iko kwenye boneti yangu mpaka leo, na wanajua vizuri magari yao yanakuja wapi, usukani uko kulia kama wetu, meli zinashusha Mombasa kila mara, barabara zetu zimejaa gari zao kuliko hata wanazouza wapya hapa. Deni linafuata chesi, halifuati mnunuzi wa kwanza.

Na kwamba inawezekana, inawezekana. 2014 Porsche ilipoona gari zake za GT3 mpya zinawaka moto kwa sababu boli za konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zinalegea, iliwaambia wenye magari yote 785 waache kuendesha, wote, hata ambazo hazijawaka, ikaweka injini mpya kwenye kila moja. Mazda nao na ile RX-8 yenye injini ya rotari, isiyotumia pistoni za kawaida, walipoona injini zinakufa mapema, kule Marekani waliongeza dhamana ya injini kwa gari za 2004 mpaka 2008 ikawa miaka 8 au maili 100,000, na dhamana ya namna hiyo inabaki kwenye gari hata likiuzwa. Hizo ni gari za spoti kama zetu, injini za kukanyaga. Lakini angalia pia wenye Corvette Z06 za 2015 mpaka 2017, V8 ya supachaja yenye nguvu ya farasi 650, walikwenda mahakamani huko Marekani 2017 wakisema gari iliyotangazwa kuwa ya sakiti, yaani uwanja wa mbio, ikifika sakiti inachemka na kujipunguzia nguvu yenyewe katikati ya mbio. Toleo la 2017 likaja na boneti yenye matundu makubwa zaidi ya kutoa joto. Mimi hapo nauliza, yule aliyetoa pesa yake 2015 naye alikosa nini? Ukiuza gari kwa jina la mbio huwezi kumlaumu mtu kwamba amekimbia. Na mimi hata sikukimbia, kaka, nilikua napanda mlima nyuma ya trela la saruji!

Alafu hapa hapa Afrika. Ford Kuga za injini ya lita 1.6 kule Afrika Kusini, si gari ya spoti lakini ugonjwa ni huu huu, maji hayazunguki vizuri, injini inachemka, hedi inapasuka, oili inavuja juu ya injini moto, gari inawaka. Ziliwaka zaidi ya 40, na ni mpaka januari 2017 ndo kampuni ikaita magari 4,556 yarudi, baada ya watu kupiga kelele magazetini na tume ya walaji ya serikali kuingilia. Hizo ziliuzwa na wakala wa huko huko, zina karatasi zote, na bado ilibidi watu wapige kelele. Sisi wa bondi tukinyamaza nani atatusikia?

Rafiki yetu mmoja wakili kaniambia tuna sheria ya uuzaji wa bidhaa ya 2017, inasema bidhaa iwe inafaa kwa kazi uliyoinunulia, lakini hiyo inamshika muuzaji, yaani yule mzee wa bondi, ambaye naye alinunua mnadani Japani hajui hata feni ni nini. Mimi simtafuti yeye. Ninachotaka ni hao watengenezaji watume kile kidude kwa kila chesi iliyo kwenye orodha popote ilipo, na kama injini imeshakufa kwa sababu yake waje tuongee gharama. Na UNBS, wale wa viwango wa serikali ya Uganda, ambao magari haya yanakaguliwa kwa niaba yao kabla ya kupanda meli, wadai karatasi kwamba gari lililoitwa kwa hitilafu limeshatengenezwa. Karatasi moja tu.

Mpaka sasa nimepata wenye gari kama zetu 11, wengine nimewasimamisha kwenye petroli stesheni, mmoja nilimfuata mpaka Ntinda kwenye kuosha magari akadhani mimi ni mtu wa deni. Wanne kati yao feni moja haizunguki na hawakua wanajua. Tunaandika barua moja ya pamoja na namba za chesi zote, sahihi zote. Yako naitaka iwe ya 12. Iko kwenye kibati ndani ya boneti, ule ukuta wa nyuma ya injini, na kwenye logibuku pia.

Kwa gari yako, leo jioni fanya hivi. Washa injini, washa AC, fungua boneti uangalie, feni zote mbili lazima zizunguke. Iache inaunguruma mpaka ipate joto kabisa, uone kama inaendelea. Kama aliyekufanyia sevisi alitoa themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, na najua wengi wanaitoa wanasema huku kuna joto haihitajiki, irudishe, injini ikikaa baridi muda wote nayo inaumia. Mwaga maji uweke kulanti nusu na maji safi nusu, na nunua kifuniko kipya cha rejeta, kitu cha bei ndogo lakini ndo kinashika presha. Kampala hapa tuko juu karibu mita 1,200, maji matupu yanachemka kwenye digrii 96 hivi, ile presha ya kifuniko pamoja na kulanti ndo inayapeleka mbali kupita 115 kabla hayajachemka. Kifuniko kikilegea umepoteza hiyo yote. Nunua pia kale kadude ka kuchomeka chini ya usukani, kanaongea na simu, kanakuonyesha digrii zenyewe, usiutegemee mshale.

Na ikitokea uko njiani imepanda, zima AC, washa hita mpaka mwisho na feni ya ndani hata kama mtaungua humo, inavuta joto kwenye injini, simama pembeni, zima, na asiguse mtu kile kifuniko. Waambie watoto mapema.

Ukikuta feni moja imelala, acha gari nyumbani mje na basi, nitawapokea mwenyewe bus park hata iwe saa kumi usiku. Mama mwenyewe anapenda basi. Mke wangu anamsalimia sana shemeji, anauliza kama ule ufuta wa Arua bado upo sokoni amletee kilo mbili.

Namba ya chesi nitumie leo usiku, barua inaondoka jumatano.

Nduguyo,
Kampala